Matanzas: Athene iliyojengwa kwa miwa

Kwa Kihispania, matanza ni uchinjaji. Mji wa Matanzas, ulio pwani ya kaskazini ya Kuba, kilomita kama 100 mashariki ya Havana, ukilitafsiri jina lake bila kulipamba utauita Machinjio. Wenyeji wake wana jina jingine, na hilo ndilo wanalomtajia mgeni: Athene ya Kuba. Walijipatia sifa hiyo karne ya 19, mji ulipokuwa na washairi, wapiga fidla, magazeti na jumba la tamthilia la kuonewa wivu. Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho tumezoea kumwonyesha mgeni jumba la tamthilia kwanza na shamba la miwa baadaye, kana kwamba ni habari mbili. Kwa Matanzas utaratibu huo haufai. Jumba lilijengwa kwa fedha ya miwa, miwa ililimwa na Waafrika waliouzwa, na wengine kati yao walitoka huku kwetu, upande wa Bahari ya Hindi.

Jina lenyewe lina mabishano. Simulizi ya zamani zaidi inasema kwamba mnamo 1510 kundi la Wahispania lilikuwa likivushwa maji kwa mitumbwi na wenyeji wa kisiwa. Walipofika katikati, wenyeji wakaipindua mitumbwi. Wahispania karibu wote wakazama, na wachache waliofika ufukweni wakauawa. Wapo wanaoshikilia kwamba machinjo yenyewe yalikuwa ya ng'ombe na nguruwe, waliochinjwa hapo kuwauzia mabaharia nyama. Mimi naegemea simulizi ya mitumbwi, kwa sababu jina lilikuwa likitumika mapema mno, mifugo ya Wahispania ikiwa bado haijazaana kisiwani.

Ghuba hiyohiyo iliitia Uhispania hasara isiyosahaulika. Septemba 1628 meli zilizobeba fedha ya Mexico zilijificha humo zikifukuzwa na Piet Hein, amirali wa kampuni ya Uholanzi iliyoshughulika na bahari ya Atlantiki. Zikakwama kwenye maji machache, mabaharia wakakimbilia nchi kavu, na Mholanzi akaondoka na shehena ya guilda zaidi ya milioni 11. Juan de Benavides, mkuu wa msafara ule, aliuawa kwa hukumu mjini Sevilla mwaka 1634. Hata hivyo serikali ya Madrid haikuwa na haraka. Ghuba pana, yenye kina na isiyo na mlinzi, ilikaa hivyo mpaka tarehe 12 Oktoba 1693, familia 30 kutoka visiwa vya Kanari zilipogawiwa viwanja katikati ya mito miwili, Yumurí na San Juan. Mto wa tatu, Canímar, unaingia baharini upande wa mashariki. Ndiyo maana mji una madaraja mengi, na mtu wa Matanzas akikuelekeza nyumba huanza kwa kukuambia iko ng'ambo ya mto gani.

Pamoja na mji ikaanza kujengwa ngome ya San Severino, mawe yake yakibebwa na watumwa. Kwa muda mrefu ngome hiyo ilitumika pia kama gereza, na waliohukumiwa kufa waliuawa hapo. Leo ni makumbusho ya njia ya watumwa, chini ya mradi wa UNESCO unaofuatilia biashara hiyo duniani.

Miaka mia ya kwanza mji haukuwa na la kujivunia: tumbaku kidogo, mifugo, mbao. Kilichoubadilisha kilitokea kisiwa cha pili. Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliinuka na kuyachoma mashamba yaliyokuwa yakiilisha Ulaya sukari. Mabwana wa Kuba waliona soko limeachwa wazi. Mwaka 1818 Uhispania ikairuhusu Kuba kufanya biashara na mataifa mengine, na nyuma ya Matanzas kulikuwa na tambarare ya udongo mwekundu ambayo bado ilikuwa msitu. Msitu ukachomwa.

Hapa nitakawia kidogo, maana asiyejua tabia ya muwa hawezi kuuelewa mji huu. Muwa ukishakatwa haungoji. Ndani ya siku moja au mbili utamu wake huanza kuharibika, kwa hiyo kinu lazima kiwe karibu na shamba, na msimu ukishaanza lazima kisage usiku na mchana. Msimu huo, unaoitwa zafra, huanza kama Desemba na kwisha kama Mei. Maji ya miwa yakishakamuliwa hupita kwenye safu ya masufuria makubwa juu ya moto, kutoka kubwa hadi dogo, na aliyesimama na upawa wa mpini mrefu lazima ajue dakika ya kuyahamisha. Akisinzia, sukari inaungua au yeye mwenyewe anaanguka. Wakati wa zafra watumwa walipata usingizi wa muda wa saa nne au tano tu kwa usiku, kwa zamu. Haraka hiyo ndiyo iliyoleta mashine ya mvuke na reli. Kuba ilipata reli yake ya kwanza mwaka 1837, miaka 11 kabla ya bara la Uhispania lenyewe, na sababu haikuwa kupenda maendeleo. Katikati ya karne, zaidi ya nusu ya sukari ya Kuba ilitoka ukanda wa Matanzas, na Kuba ilikuwa ya kwanza duniani kwa sukari ya miwa. Maghala yaliyopangana kando ya mto San Juan yalijengwa wakati huo. Majahazi yalipakia sukari hapo na kuipeleka kwenye meli zilizotia nanga nje.

Na watu? Kuba kwa jumla iliingiziwa watumwa zaidi ya laki saba, wengi wao katika karne ya 19, hata baada ya Uhispania kutia saini na Uingereza mkataba uliopiga marufuku biashara hiyo kuanzia 1820. Sensa ya mwaka 1841 ilikuta kwamba katika eneo la Matanzas watumwa ni zaidi ya nusu ya wakazi wote. Kuanzia 1847 waliongezwa Wachina wa mikataba, kama 125,000 kwa kisiwa kizima. Mkataba ulikuwa wa karatasi, ila kiboko kilikuwa kilekile. Utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1886, na Kuba ikawa nchi ya mwisho kufanya hivyo katika mabara ya Amerika ukiiondoa Brazil, iliyongoja miaka miwili zaidi.

Katika daftari za mashamba, mtumwa aliandikwa kwa jina la ubatizo na kufuatiwa na "taifa" lake: lucumí kwa Wayoruba, arará kwa waliotoka Dahomey, carabalí kwa waliopitia Calabar, congo kwa watu wa bonde la Kongo na Angola. Ndani ya daftari hizo limo pia neno macuá. Hao ni Wamakua. Manowari za Uingereza zilipobana pwani ya Afrika Magharibi, wafanya magendo walizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuja kununua watu Quelimane, Kisiwa cha Msumbiji na Ibo. Mmakua wa Masasi au Tunduru ana ndugu wa damu ambao mababu zao walisaga miwa Kuba, na ni wachache huku wanaolijua hilo.

Usiku wa tarehe 5 Novemba 1843 watumwa wa shamba la Triunvirato waliinuka. Ngoma ndizo zilizopeleka habari. Miongoni mwa viongozi alikuwa Carlota, mwanamke wa Kilucumí aliyeshika panga, na mwenzake Fermina wa shamba jirani la Ácana. Waliteketeza mashamba kadhaa kabla ya askari kuwazidi nguvu, Carlota aliuawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikadai imegundua njama kubwa ya watu weusi, walio huru na watumwa pamoja. Washukiwa walifungwa kwenye ngazi ya mbao na kuchapwa mpaka wataje majina, na kwa sababu hiyo njama ikaitwa La Escalera, yaani Ngazi. Wakuba wanauita mwaka 1844 mwaka wa kiboko. Tarehe 28 Juni, mjini Matanzas, alipigwa risasi Gabriel de la Concepción Valdés, mshairi chotara ambaye kisiwa kizima kilimjua kwa jina la Plácido, pamoja na wenzake kumi.

Jina la Carlota halikuishia kaburini. Novemba 1975 Kuba ilipopeleka majeshi Angola kuyazuia majeshi ya makaburu, operesheni ilipewa jina lake, na ilianza tarehe ileile ya 5. Nelson Mandela alipotoka gerezani na kuizuru Kuba, alihutubia mkutano wa hadhara wa tarehe 26 Julai 1991, na mkutano huo ulifanyika Matanzas. Alikwenda kushukuru kwa Angola. Nadhani hapakuwa na mahali pa kufaa zaidi.

Sasa tuiangalie hiyo Athene. Jumba la tamthilia la Sauto lilifunguliwa Aprili 1863, kwa mchoro wa Mwitaliano Daniele Dall'Aglio. Ndani lina umbo la kwato ya farasi, roshani juu ya roshani, na lina ufundi mmoja unaowafurahisha wageni hadi leo: sakafu ya walipokaa watazamaji huinuliwa kwa mtambo mpaka ilingane na jukwaa, viti vikaondolewa, na ukumbi ukawa wa dansi. Sarah Bernhardt aliigiza hapo. Lilifungwa kwa matengenezo yaliyochukua miaka, likafunguliwa tena 2019. Liko kwenye uwanja wa Vigía, karibu na jumba la Junco, lenye rangi ya buluu, lililokuwa la familia ya kitajiri na sasa ni makumbusho ya mkoa, na jengo la zimamoto la karne ya 19 lenye nguzo za Kigiriki. Nguzo hizo zinachekesha kidogo, kama kituo cha polisi kilichojengwa kwa umbo la hekalu, lakini ndivyo mji ulivyopenda kujiona.

Mtu wa Matanzas ninayemwona muhimu kuliko wote wa zama hizo hakuwa na nyumba yenye nguzo. Juan Francisco Manzano alizaliwa mtumwa Havana na sehemu kubwa ya ujana wake aliimalizia Matanzas, kwenye shamba la El Molino na nyumba za mabibi zake. Hakufundishwa kuandika. Alikuwa akiokota vikaratasi vilivyotupwa na bwana wake, akivinyoosha na kuifuatisha kwa wino ile mistari mpaka mwandiko wake ukafanana na wa bwana. Alipokatazwa, akaendelea usiku kwa mshumaa. Mwaka 1835 aliandika maisha yake mwenyewe, kazi pekee ya aina hiyo iliyoandikwa na mtumwa katika Amerika yote ya Kihispania, na mwaka uliofuata waandishi waliomsikiliza walichanga fedha wakamkomboa. Hakuruhusiwa kuichapisha Kuba. Ilitoka kwanza London, kwa Kiingereza, 1840. Mwaka 1844 naye akatiwa ndani.

Mkono wa kuandika mjini humo haujachoka. Tangu 1985 kuna karakana ya vitabu iitwayo Vigía, palepale uwanjani, inayotengeneza vitabu kwa mkono: karatasi nyekundunyekundu kama ya kufungia nyama dukani, kurasa zilizopakwa rangi moja moja, vipande vya kitambaa, uzi, majani makavu, mchanga. Kila kitabu hutoka nakala 200 tu. Mradi ulianza kwa uhaba wa vifaa, baadaye uhaba ukageuka kuwa mtindo, na maktaba za vyuo vikuu Marekani hununua nakala hizo kama kazi za sanaa. Hatua chache kutoka uwanja mkuu ipo pia duka la dawa la Triolet, lililofunguliwa 1882 na kugeuzwa makumbusho 1964 likiwa na chupa zake, mizani yake na daftari zake za maagizo ya madaktari. Kama ningekuwa na saa moja tu mjini, ningeimalizia humo.

Lakini ukimuuliza Mkuba yeyote Matanzas inajulikana kwa nini, hatataja duka la dawa. Atasema rumba.

Neno hili linahitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, maana kwetu rumba ni gitaa. Kuanzia 1933 santuri za Kikuba zenye alama ya G.V. ziliingia Afrika, na Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Brazzaville zikazipenda kupita kiasi. Nyingi zilikuwa na muziki uitwao son, wenye gitaa na tarumbeta; wauzaji wakaubandika jina la rumba kwa sababu lilikuwa likiuzika. Vijana wa Kongo wakauchukua, wakaurudisha kwenye lugha na vidole vyao, na mengine tunayajua. Rumba ya Matanzas ni kitu kingine. Haina gitaa. Ina ngoma tatu ndefu, sauti, na mbao.

Mbao zinastahili kuelezwa. Kuna clave, vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa kwa mpangilio wa mapigo matano ambao kila mwingine anaufuata, na ukiukosea wazee watakukodolea macho. Kuna kipande cha mwanzi au gogo lililotobolewa, kinachopigwa kwa fimbo mbili pembeni. Na zamani, serikali ilipokataza ngoma za Kiafrika, watu walipiga masanduku: la samaki mkavu kwa sauti nene, la mishumaa kwa sauti nyembamba. Masanduku hayo hayajaachwa. Mafundi sasa huyatengeneza makusudi. Katika ngoma tatu, mbili hushika mwendo na ya tatu, ndogo kuliko zote, iitwayo quinto, huzungumza na mchezaji: yeye akitupa bega, nayo inajibu. Mtindo wa yambú ni wa polepole, wa wazee. Guaguancó ni wa wawili, mwanamume akivizia na mwanamke akijikinga kwa sketi au leso. Columbia ulizaliwa vijijini, kwenye mashamba ya mkoa wa Matanzas, nao ni wa kushindana, mchezaji mmoja mmoja mbele ya quinto, zamani wanaume tu.

Mtaa wake ni La Marina, karibu na mto Yumurí, mtaa wa wapakuzi wa bandari na wafua nguo. Ndiko lilikoanzia, mwaka 1952, kundi linaloitwa Los Muñequitos de Matanzas. Mwanzoni lilijiita Guaguancó Matancero. Kisha santuri yao iliyozungumzia vikatuni vya magazetini ikapendwa mno, na watu wakaliita kundi zima "Vikatuni". Nafasi zimekuwa zikirithiwa ndani ya ukoo, na wajukuu wa waanzilishi wanapiga leo. UNESCO iliiandika rumba ya Kuba kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016, ya Kongo zote mbili ikafuata 2021.

Nyuma ya rumba zipo dini. Matanzas ni mji wa Wayoruba na wa arará, wenye vyama vyao vya zamani vinavyotunza ngoma takatifu, na nje ya Havana na Matanzas pamoja na Cárdenas iliyo jirani hutaikuta kokote udugu wa siri wa wanaume uitwao Abakuá, uliotoka Calabar. Wafuasi wa dini zenye asili ya Kongo wana maneno ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyatambua. Ngoma ni ngoma. Mungu ni Nsambi, Nzambi wa Wakongo. Nganga lakini limehama maana: kwetu mganga ni mtu, kwao nganga ni chungu au sufuria yenye udongo, vijiti na vyuma ambamo nguvu inakaa. Mtu akikuambia ana nganga nyumbani, usidhani amepata mgeni.

Dansi ya kumbi za wastaarabu nayo ina mama huyohuyo. Tarehe 1 Januari 1879, katika ukumbi wa Liceo, Miguel Faílde, mpiga korneti mweusi, aliongoza bendi yake kupiga danzón ya kwanza inayotambuliwa, iliyopewa jina la mtaa wa Alturas de Simpson. Wazungu wa magazetini walilalamika kwamba wawili wamekaribiana mno na kwamba mapigo yana Uafrika ndani yake, na kwa hilo la pili hawakukosea. Danzón ikawa dansi ya taifa. Ukumbi ule sasa una jina la José White, mpiga fidla chotara wa Matanzas aliyetwaa tuzo ya kwanza ya chuo cha muziki cha Paris mwaka 1856. Na kutoka mji huohuo, 1916, alizaliwa Dámaso Pérez Prado, aliyeizungusha dunia kwa dansi iitwayo mambo.

Kuhusu besiboli nitasema machache, maana najua huku haina wapenzi. Uwanja wa Palmar de Junco ndiko ilikochezwa mechi ya kwanza ya Kuba iliyoandikwa kumbukumbu yake, tarehe 27 Desemba 1874. Havana iliifunga Matanzas 51 kwa 9, mpaka giza likaingilia kati. Matanzas walilipiza kwa kumzaa Martín Dihigo, 1906, mtoto wa shamba la miwa la Cidra, aliyecheza nafasi karibu zote uwanjani na akakataliwa na ligi kuu za Marekani kwa sababu ya rangi. Nchi kadhaa zimemtia kwenye majumba yao ya mashujaa, Marekani ikiwemo, miaka sita baada ya kufa kwake.

Vita vya mwisho wa karne, vya kudai uhuru kutoka kwa Uhispania, viliuumiza mkoa: mashamba yalichomwa na wakulima wakaswagwa mijini kwa nguvu, wakafa kwa njaa. Mashambulizi ya manowari za Marekani tarehe 27 Aprili 1898 yalikuwa kichekesho kulinganisha na hayo. Wahispania walitangaza kwamba aliyeuawa ni nyumbu mmoja, na magazeti ya Marekani yakamwombolezea nyumbu wa Matanzas. Baada ya hapo ukaja wakati wa kampuni za Kimarekani. Milton Hershey, mwenye chokoleti, alijenga kiwanda cha sukari kati ya Havana na Matanzas pamoja na reli ya umeme iliyoiunganisha miji hiyo miwili. Na kwenye ardhi ya mawe, ambako miwa haikustawi, kuanzia Matanzas hadi Cárdenas walipanda henequén, binamu wa mkonge, na kiwanda cha mjini kikasokota kamba za meli. Mtu wa Tanga angejihisi nyumbani: mistari ileile ya miiba, harufu ileile ya majani yaliyosagwa. Na hadithi inafanana, kwa kuwa kamba za plastiki zilipoingia, Tanga na Matanzas zilikohoa pamoja.

Baada ya mapinduzi ya 1959 sukari ikawa ya taifa, na kwa miaka 30 mnunuzi mkuu akawa Umoja wa Kisovieti, kwa bei ya urafiki. Mwaka 1989 Kuba ilitoa tani zaidi ya milioni 8. Rafiki alipovunjika 1991, mafuta, mbolea na vipuri vikakatika kwa mpigo. Mwaka 2002 serikali iliamua kufunga karibu nusu ya vinu vya nchi nzima. Msimu wa 2022 hadi 2023 haukufikisha tani laki nne, na nchi iliyowahi kuilisha dunia sukari sasa inaagiza ya nje. Ukipita vijiji vya mkoa wa Matanzas utaona dohani ndefu imesimama peke yake, na kuizunguka nyumba za watu ambao babu, baba na wao wenyewe waliishi kwa king'ora chake.

Fedha ikahamia Varadero, kama kilomita 30 kutoka mjini, rasi nyembamba yenye ufukwe wa kilomita 20 na hoteli mfululizo. Hapo ndipo uchumi wa Matanzas ulipopinda. Mwalimu wa fizikia anayelipwa kwa peso anaweza kupata zaidi kwa kubeba mizigo ya watalii kuliko kwa kufundisha, na wengi wamefanya hesabu hiyo. Alfajiri mabasi huwachukua wafanyakazi mjini, jioni huwarudisha. Mtalii naye hupita Matanzas kwa dirisha la basi, akisimama kidogo kupiga picha kwenye daraja la Bacunayagua, lenye kimo cha mita 110, na pengine kwenye mapango ya Bellamar. Ukumbi wa Sauto huwapata wachache tu kati yao. Tangu janga la korona watalii wenyewe wamepungua sana, na vijana wanaondoka. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zimeishusha idadi ya Wakuba chini ya milioni 10.

Kazi mbili zilizobaki mjini ni za nishati, na zote zimeingia habari za dunia kwa ubaya. Mtambo wa Antonio Guiteras, uliowashwa 1988 ukiwa na uwezo wa megawati 330, ndio mkubwa kuliko yote Kuba. Unachoma mafuta mazito yanayochimbwa hapohapo pwani; yana salfa nyingi, na salfa inakula mabomba ya maji ya moto. Mafundi wameyaziba mara zisizohesabika. Ulipozimika ghafla tarehe 18 Oktoba 2024 ulivuta gridi yote chini, na watu milioni kumi wakabaki gizani, wengine kwa siku kadhaa.

Lile jingine ni matangi ya mafuta kando ya ghuba. Jioni ya Ijumaa tarehe 5 Agosti 2022 radi ilipiga tangi moja. Alfajiri, zimamoto wakiwa wanalimwagia maji tangi la jirani lisipate moto, nalo likalipuka. Matangi manne kati ya manane yaliteketea, Mexico na Venezuela zikaleta ndege na povu, na moto ulizimwa baada ya siku kadhaa. Watu 17 walikufa, wengi wao wazima moto, baadhi wakiwa vijana wa utumishi wa lazima jeshini.

Kuna uzi mmoja unaoufunga mji huu na Zanzibar waziwazi. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotaka kufundisha madaktari kisiwani badala ya kuwapeleka wote nje, ilishirikiana na chuo cha tiba cha Matanzas. Walimu walikuja Unguja, na madaktari wa kwanza waliosomea nyumbani walipita mikononi mwao. Wapo leo Mnazi Mmoja na Pemba, na baadhi yao wanajua Kihispania cha wodini.

Uzi mwingine bado haujashikwa. Nyaraka za mashamba na za ubatizo za Matanzas zina maelfu ya majina, na pembeni mwa baadhi yake limeandikwa neno macuá bila maelezo zaidi. Wanahistoria wa Kuba wamefanya kazi kubwa kwa Wayoruba na Wakongo, kwa sababu wanao wasomi wa lugha hizo wa kuwauliza. Kwa Kimakua wanao wachache mno. Kwenye nyaraka hizo mwandishi wa Kihispania aliandika majina kwa sikio lake, kama alivyoyasikia kwa watu waliotoka kushushwa melini, na msomaji anayekijua Kimakua kwa kuzaliwa anaweza kutambua mle ambamo sisi wengine tunaona makosa ya tahajia tu.